Kiti cha Enzi Ndani ya Raum

Yakhe hebu niambieni, hivi sisi tulikuaje? Maana mimi nimekulia Makorora hapa hapa Tanga, baiskeli ndo ilikuwa gari la familia, marehemu baba alikuwa na Phoenix nyeusi, mimi mbele kwenye bomba, dada yangu nyuma kwenye keria, kwenye hendo kaning'iniza mtungo wa samaki, tunatoka Sahare tunarudi nyumbani na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuuliza huyu mtoto ana kilo ngapi. Mguu ukiingia kwenye spoku unalia, unasuguliwa mafuta ya nazi, kesho umepanda tena.

Leo na mimi Mungu kanijalia kigari, Raum, sio mpya lakini mlango unafunga, halafu naambiwa mwanangu wa miaka 5 hawezi kukaa kwenye siti mpaka nimnunulie siti ya kuweka juu ya siti. Nirudie? Siti, ya kuweka juu ya siti.

Aliyeleta balaa hili ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, nesi huko Dar, kaja likizo nimemfuata mwenyewe stendi ya Kange kwa heshima zote. Dogo kama kawaida yake kasimama katikati ya siti mbili za mbele kama kondakta. Shemeji kimya. Tumefika Majani Mapana bado kimya, nikajua huyu kuna kitu, mtu wa Dar hakai kimya hivi bure. Akasema, "Shemeji samahani, sitaki kuingilia, ila huyu mtoto ukifunga breki anatokea kioo cha mbele." Nikamwambia shemeji hapa Tanga nani anakimbia, hata spidi 50 hatufiki, na tukienda mbali mama yake anampakata. Basi nimejichongea mwenyewe. Akaniuliza, "Spidi 50 ukigonga ukuta unajua ni sawa na kudondoka juu ya mnazi wa mita 10? Sasa nani katika nyie anadondoka na mnazi huku kapakata mtoto wa kilo 17, akafika chini bado anaye mkononi?"

Nikatafuta jibu. Tumefika nyumbani natafuta. Usiku kitandani mke wangu ananiambia, "Baba Shaabani, ule mnazi mimi sijalala." Hapo nikajua hela imeshatoka.

Na hela yangu mimi mnaijua, ina tabia za mji wetu, waja leo waondoka leo.

Nikasema basi si kuna mikanda nyuma, tumfunge mkanda yaishe. Shemeji kasema mfunge tuone. Ndo nikagundua kwamba gari nimelinunua miaka 3 na mkanda wa nyuma sijawahi kuuona vifungio vyake, fundi aliyeshona kava kule Ngamiani kavizika humo ndani kabisa. Tukatoa kava, tukachimba kama tuko machimboni, tukapata sarafu ya 200, karanga zilizoanza kuwa mti, kofia ya kalamu, hereni ya dhahabu feki ambayo mke wangu kaiangalia, kaniangalia, nikaapa wallahi hiyo ni ya mwenye gari wa kwanza, na mwenye gari wa kwanza yuko Japani siwezi kumpigia simu. Ile hereni ni kesi nyingine, bado iko mahakamani mpaka leo.

Vifungio vikapatikana, tukamkalisha Shaabani, tukamfunga. Na kweli jamani, nisiwe mbishi wa bure, mkanda wa juu unapita shingoni kama unataka kumchinja na ule wa chini uko tumboni kabisa, kwenye utumbo. Magoti yake hayafiki ukingo wa siti, basi anateleza mbele ili ajikunje, akiteleza ndo mkanda unazidi kupanda tumboni. Shemeji kaeleza, mkanda umetengenezwa kwa mtu mzima, ule wa chini unatakiwa ulale kwenye nyonga, mwanzo wa mapaja, penye mfupa, na wa juu upite katikati ya bega pale kwenye mtulinga. Hiyo siti ya juu ya siti, wenyewe wanaiita busta, kazi yake sio urembo, inamnyanyua mtoto mpaka mkanda ukutane na mifupa badala ya kukutana na tumbo.

Nikamwambia sawa, kunyanyua tu? Nikaingia jikoni nikatoka na mbuzi ya kukunia nazi. Ina kigoda, ina urefu, mbao ya mvule. Mke wangu kanipokonya, kasema wewe na huo uso wa mbuzi wa chuma unaelekea wapi, Shaabani akikaa vibaya tunarudi na mtoto au na tui?

Kumbe busta zenyewe nazo ziko za namna mbili, iko ya kigoda kitupu isiyo na mgongo, bei poa, na iko ya mgongo mrefu, ina mbavu pembeni na masikio huku kichwani. Nikasema kigoda kinatosha. Shemeji kasema haya, huyu mtoto akipanda gari anafanya nini? Nikacheka mwenyewe, maana Shaabani tukivuka Pongwe tu amelala, kichwa kimeinama mpaka kwenye mlango. Sasa akilala kwenye kigoda kitupu anapinda pembeni na mkanda unahama wote, ila ule mgongo mrefu unamshika, mkanda unabaki begani kwa sababu uko kwenye kijia chake, na gari likipigwa ubavuni kichwa kina mahali. Siwezi kubishana na mtu anayejua hata mwanangu anavyolala.

Akasema busta ni kuanzia kilo 15, tena mtoto awe amefika kama miaka 4 na anaweza kukaa ametulia, chini ya hapo anatakiwa kile kiti chenye mikanda yake mwenyewe. Na siku hizi viti vipya wanaangalia urefu, sentimita 100 mpaka 150. Uingereza mtoto anakalia hivyo mpaka miaka 12 au afike sentimita 135, Ujerumani miaka 12 au sentimita 150. Sentimita 150! Mama mkwe wangu mwenyewe sidhani kama anafika 150, bahati yake umri umeshavuka.

Haya, mtoto apimwe. Kwanza urefu, nikampeleka kwa fundi cherehani jirani, mwenye tepu. Fundi kampima, inchi 42 na nusu, kaandika kwenye daftari, kapima na bega, kapima na mkono, nikamwambia fundi mimi nataka urefu tu, kasema urefu bila bega kanzu itakaaje? Nikitaka kueleza habari ya gari ananiangalia kama nimechanganyikiwa, mwisho nimeona aibu, nikaacha elfu 10 ya kianzio. Kwa hiyo ndugu zangu mpaka hapo kiti sina ila kanzu ninayo. Inchi 42 na nusu ni sentimita 108, nimepiga hesabu kwa simu.

Uzito ndo vituko zaidi. Mizani ya dukani inaishia kilo 10, nikaenda kwa jamaa anayenunua skrepa, ana mzani wa kuning'iniza. Tukamtia Shaabani kwenye mfuko wa salfeti, yeye anacheka tu, akaning'inizwa. Jamaa anasoma, "Kilo 17." Halafu bila kugeuka kauliza, "Chuma au shaba?"

Tukaingia madukani. Duka la kwanza kipo kipya, kizuri, mgongo unapanda na kushuka, bei laki 3 na nusu. Nikauliza hiyo ni pamoja na mtoto? Laki 3 na nusu mimi navisha Raum matairi mawili na chenji ya chapati inabaki. Kijana wa duka kasema, "Mzee hii ina isofiksi." Nikamuuliza isofiksi ni nini, kasema ni ya kisasa. Nikamuuliza ya kisasa inafanya nini, kasema inaendana na isofiksi ya kwenye gari. Nimezunguka na huyo kijana kama mbayuwayu. Shemeji baadae kanieleza ni vile vishikizo vya chuma vinavyojificha katikati ya siti ya gari, kiti kinang'ata pale. Kwa busta inasaidia kiti kisiteleze ila mtoto mwenyewe anashikwa na mkanda wa gari, kwa hiyo kama gari halina sio msiba, mradi mkanda uwe wa pointi 3, yaani wa kiunoni na begani. Hapo nikagundua tena siti yangu ya katikati nyuma ina mkanda wa kiunoni tu, kwa hiyo mfalme hawezi kukaa kati, lazima apewe dirisha. Dirisha!

Duka la pili mtumba. Elfu 60, hapo ndo roho ikatulia. Muuzaji kaapa kilikuwa cha daktari mmoja huko Ujerumani. Sijui kwanini kila mtumba ulikuwa wa daktari, hakuna fundi bomba Ujerumani anayezaa? Nikampigia shemeji video, kasema geuza kiti, nionyeshe stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na kilo zake. Stika hamna, imebaki gundi. Kasema angalia kwenye plastiki kuna kiduara cha mwaka wa kutengenezwa. Kipo, kimesuguliwa. Vua kava. Nikavua kava, ndani kuna ufa kutoka begani mpaka kiunoni. Muuzaji anasema hiyo ndo dizaini yake. Shemeji kwenye simu kasikia, kasema, "Kaka, na upande wa pili mbona dizaini imesahaulika?" Akaniambia kiti kilichokwisha kupata ajali hata kama hakina ufa kimeshafanya kazi yake, ile plastiki na sponji ngumu imekula pigo, ya pili haiwezi, na kwa macho huoni. Ndo maana mtumba ununue kwa mtu unayejua historia yake. Mimi historia ninayoijua ni ya daktari tu.

Basi tumekaa mwezi mzima tunakunja kunja, shemeji kachangia kidogo, nikanunua kile kile cha laki 3 na nusu, nimepunguziwa elfu 20 baada ya kusimama dukani mpaka adhuhuri.

Kukifunga nako. Hedresti ya gari ilikuwa inakisukuma mbele kimeinama kama kinasujudu, tukaitoa ndo mgongo ukalala vizuri kwenye siti. Ile ya kichwani ya kiti chenyewe tukaipandisha mpaka kijia chekundu cha mkanda kikawa usawa wa bega, juu kidogo. Mkanda wa chini ukapita chini ya vile vishikio vya mikono. Shaabani kakaa humo, mikono pembeni, anatazama nje yuko juu kuliko sisi wote, utadhani liwali anakagua mji. Watoto wa mtaa wote wamekuja kuangalia. Jirani mmoja mama mtu mzima kaja kwa upole kabisa, kaniuliza pembeni, "Pole baba, mtoto mgongo umemuanza lini?"

Na kikiwa hakina mtu nacho kifungwe mkanda, kisije kikaruka kikakupiga kisogoni. Kwa hiyo kuna siku mke wangu kanikuta naenda Chumbageni peke yangu, kiti kitupu nyuma kimefungwa mkanda vizuri, dereva hajafunga.

Jumapili iliyopita tumekwenda Muheza kumchukua mama mkwe. Kurudi, mfalme dirishani, mama mkwe dirisha la pili, mke wangu kabanwa kati na kimkanda chake cha kiunoni, miguuni machungwa, Shaabani kavaa ile kanzu. Mama mkwe kamwangalia mjukuu wake kuanzia masikio ya kiti mpaka vishikio, kakaa kimya kilometa kama 5, halafu kasema taratibu, "Mwanangu, hivi hiki hawatengenezi cha watu wazima? Na mimi huu mkanda unanichinja." Sikujibu. Sentimita 150, nilishawaambia.

Ila kinachoniuma kuliko vyote ni hiki. Kile kiti kina mahali pa kuweka kinywaji, pawili, kulia na kushoto. Mimi niliyelinunua gari, ninayelitia mafuta, mahali pangu pa chupa pamevunjika tangu nimelipata, miaka yote soda naibana katikati ya mapaja. Nikasema leo hapana, nikampa Shaabani chupa yangu aniwekee pale. Tumefika Pongwe, ajabu hajalala. Koo imekauka, nikamwambia mwanangu nipe soda yangu.

"Baba umefunga mkanda?"

Nimefunga, nikamwambia. Kumbe kule juu anakokaa anaona kila kitu, anaona mkanda nimeupitisha chini ya kwapa.

"Sio hivyo baba. Begani. Kwenye mtulinga."

Mama mkwe yupo kwenye gari, nimwambie nini mtoto? Nikapunguza mwendo, nikasimama pembeni, nikauvuta, nikaupitisha begani, kaa! Nikanyoosha mkono nyuma, chupa ikaja.

Nyepesi.