Gage hakuishia kwenye matusi

Mwandishi wa makala kuhusu watu wanaobadilika tabia baada ya kuumia ubongo amemtaja Phineas Gage, yule msimamizi wa ujenzi wa reli kule Vermont, Marekani, ambaye mwaka 1848 mtaimbo wa zaidi ya mita moja ulimpenya chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Sawa. Ila ameishia pale pale wanapoishia wengi: kwamba alipopona alikuwa mtu mwingine, wa matusi na asiyeshikika. Mbona hakusema kwamba baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa? Mtu aliyeharibikiwa kabisa asingeimudu kazi ile.

Nami nimeona kwetu kwamba mtu hurudi polepole: mjomba wangu alianguka na bodaboda akaumia paji la uso. Alikuwa mpole, akawa wa kufoka kwa chumvi ya mboga tu. Majirani wakasema karogwa (wengine eti ndiyo tabia yake halisi imejitokeza!). Mkewe akampangia siku: saa ya chai, saa ya kulisha kuku, saa ya kulala, habadilishi. Mwaka wa pili akaanza kucheka tena. Hasira bado zipo, lakini sasa akihisi zinapanda huinuka mwenyewe, akaenda bandani kwa kuku wake.