Bagamoyo, Nilipobwaga Kanzu

Aliyeanza ni mke wangu. Tulialikwa harusi kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa hapa Bagamoyo, na wakati wenzake wanagombea pilau, yeye macho yake chini. Mchanga wote umejaa vivuli vya majani, vinachezacheza kila upepo ukipita, utadhani mbalamwezi ya kumi na tano. Lakini ilikuwa usiku wa ishirini na nane, kiza cha mwezi.

"Baba watoto, huu mwanga watoka wapi?"

Nikainua kichwa. Majani tu. Taa sikuiona.

Kesho yake nikamrudia mtunza bustani wa pale, mzee mmoja mpole, akanieleza bila kuficha. Taa unaipandisha juu mtini, mita 6 au 7, mbili kwa kila mti, zote zinaangalia chini, zimevaa kofia ndefu ili jicho la mtu lisikutane na mwanga wenyewe. Mwanga unapita kwanza kwenye matawi ndipo ushuke. Umeme wake volti 12 tu, kuna transfoma ukutani. "Ukiona mwanga huku taa huioni, hapo umepatia," akasema. "Ukiiona taa, umeweka tochi."

Kisha akanionya kuhusu kufunga. Nisizungushe waya kwenye tawi hata siku moja, kwa sababu mti unanenepa. Nitumie parafujo ndefu ya chuma kisichoshika kutu, na niache nafasi nyuma yake. "Kwani mbuyu wa misheni hujauona?"

Nimeuona, nani asiyeuona. Ulipandwa mwaka 1868, na kuna mnyororo uliozungushwa shinani zamani, wanasema wa kufungia punda, mbuyu ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza. Sasa kinachungulia kipande tu. "Mbuyu umekula mnyororo," mzee akasema, "mwembe wako utashindwa na waya?"

Nikamshukuru sana. Nikaenda dukani, nikauliza bei ya hizo parafujo, nikanunua waya wa kufungia nondo.

Na balbu nazo nikachukua za bei nafuu. Boksi limeandikwa 6500. Sikujua kama ni namba ya kiwanda au ni nini. Usiku wa kwanza nilipowasha, uwanja wote ukawa mweupe kwa ubuluu, mchanga unang'aa kama vigae vya zahanati, na kila mdudu wa wilaya akaja kuripoti. Mama mkwe alifika, akasimama mlangoni, akauliza kwa huruma, "Nani kalazwa?"

Ndipo nikajifunza kwamba ile namba ndiyo rangi ya mwanga. Ikiwa 2700, unapata unjano wa chemli. Ikiwa 4000, unapata ule weupe mtulivu ambao macho yetu huuona kuwa wa mwezi. Ya 6500 ni ya kumshonea mtu kidonda. Nikabadilisha, nikaweka za 4000, wati 5 kila moja, na kwa kweli uwanja ukapendeza. Vivuli vya majani ya mwembe vikatandazwa chini kama ukili. Majirani wakaanza kuleta mikeka yao. Nikawa najibu maswali ya watu huku nimeweka mikono nyuma, fundi mkubwa.

Kwa hiyo posa ya binti yetu ilipokuja, hapakuwa na mjadala kuhusu mahali pa kukaa. Wanawake ndani, wanaume uwanjani chini ya mwembe. Wageni wametoka Tanga, watu saba, na mshenga wao ni mzee wa haja, ndevu nyeupe, kofia ya vito, anazungumza taratibu hadi unasahau kwamba amekuja kuchukua mtoto wako. Msemaji wetu alikuwa kaka yangu mkubwa. Baba wa binti siku hiyo kazi yake ni kunyamaza na kutikisa kichwa, na mimi nilikuwa nimeifanyia mazoezi.

Barua ya posa imeshatolewa, kahawa imeshazunguka mara moja, halua ipo katikati. Kusi ikavuma. Ilikuwa Julai, na kusi ya Julai mnaijua. Nikasikia huko juu *kriik*. Ule waya ukazunguka, taa moja ikageuka, na mwanga wote ukamtua mshenga usoni.

Mzee akaweka kiganja juu ya nyusi kama nahodha anayetafuta nchi kavu. Akaendelea kuongea. Akasogea kushoto, tawi likayumba, mwanga ukamfuata. Akasogea kulia, ukamfuata. Kaka akanitupia jicho moja tu.

Nikanong'ona kwamba naenda kutazama maji ya kahawa, nikazunguka nyuma ya nyumba ilikokuwa ngazi. Kanzu nikaipandisha, nikaibana kiunoni. Koleo nikaiuma kwa meno, nikapanda mwembe kwa upande wa gizani. Mtauliza kwa nini sikuzima kwanza. Taa ya namna hii unailenga usiku ikiwa inawaka, ukiizima utajuaje inaelekea wapi? Na zaidi ya hapo, nani azime taa mbele ya wakwe?

Nilifika vizuri. Waya nikaupata, nikaunyoosha, taa ikarudi kutazama chini. Laiti ningeshuka hapo hapo. Lakini nilitaka kuukaza, na ili niukaze ikabidi niteremke tawi la chini yake kidogo, nusu mita tu, nikawa kati ya taa na wageni.

Sasa, hesabu yake ni hii, na niliipiga baadaye sana nikiwa nimepakwa mafuta. Taa ikiwa mita 7 kutoka chini, na wewe uko nusu mita mbele yake, kivuli chako kikifika chini kimekua mara 14. Kiganja changu kilikuwa mkeka wa kulalia watu wawili. Kichwa kimejaa uwanja, na kutoka mdomoni zinatokeza pembe mbili ndefu, ambazo mimi nazijua kuwa ni mikono ya koleo.

Mazungumzo yakakatika. Nikasikia mtu chini anasema, "Audhubillahi."

Nilitaka kuita, "Jamani, ni mimi." Kwa koleo mdomoni ikatoka, "Hhaaani, ni hhiii."

Na maji moto nao walikuwa wameshanipata.

Asiyewajua maji moto, ni wale sisimizi wekundu wa miembeni wanaoshona majani kuwa nyumba. Hushika mabuu yao, wakayapitisha huku na huku kama sindano, uzi unatoka kwenye mabuu yenyewe. Ukiwatazama kwa mbali ni kazi ya kumsifu Mola. Mimi nilikuwa nimekalia nyumba yao. Walianzia magotini wakapanda kwa utaratibu, bila fujo, na nina hakika kuna mmoja aliyetoa amri, kwa sababu waliuma wote kwa pamoja.

Niliruka nilipo. Kivuli nacho kikaruka, uwanja mzima. Nikajipiga mapajani, kivuli kikajipiga. Wageni wakaona jitu lenye pembe linacheza ngoma juu ya halua. Wawili walikimbia bila viatu kuelekea barabarani, mmoja aliingia chumba cha wanawake, huko nako vikapigwa vigelegele vya kuchanganyikiwa.

Kanzu ndiyo iliyokuwa imejaa wadudu. Nikaivua, nikaitupa.

Nyinyi muwaze tu. Kanzu nyeupe, mikono imetanuka, haina mtu ndani, inashuka polepole kwenye mwanga wa mwezi, upepo unaijaza kifua. Kaka yangu, haji mara mbili, aliingia chini ya mkeka. Wazee wetu, wanasema, walibwaga moyo mji huu. Mimi nilibwaga kanzu, ikatua mbele ya mshenga.

Yeye peke yake hakukimbia. Baadaye alisema magoti yalikataa. Alikuwa anaitazama ile kanzu, na ile kanzu ikaanza kuita. Simu yangu ilikuwa mfukoni.

Mzee akaingiza mkono, akaitoa, akapokea.

"Baba watoto, uko wapi? Huku nje kuna nini?" Sauti ya mke wangu ilisikika hadi nilipo.

"Mama," mzee akajibu taratibu, "baba watoto simwoni. Kanzu yake ninayo."

Kisha akainua uso, akaweka tena kile kiganja juu ya nyusi. Koleo ilikuwa imeshaanguka. Nilikuwa nimekumbatia tawi, nimevaa fulana na bukta ya timu ambayo wakwe hawaishabikii.

"Asalaam aleikum," nikasema.

"Waaleikum salaam, mkwe. Utashuka, au tukuposee huko huko?"

Nilishuka. Posa ilijibiwa siku ile ile, maana baada ya hapo hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kuvutana kuhusu mahari. Wakati wa kuagana mzee alinivuta pembeni, karibu na shina, akatazama vile vivuli vya majani vilivyokuwa vimerudi kucheza mchangani kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Hizi taa zauzwaje? Nami nina mwembe pale nyumbani Tanga."

Nikamtajia bei. Nikamwambia anilipie nauli tu, nitakuja kumfungia mwenyewe.

Akanipigapiga begani, pale pale maji moto walipouma.

"Taa nitachukua," akasema. "Fundi nitatafuta mwengine."