Pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Waziri

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, na Jumanne kituo changu cha tatu ni kwa bibi mmoja wa bonde la Rhondda, kusini mwa Wales, Uingereza. Ana miaka 86. Anataka nimwite kwa jina lake, na ofisi nayo inataka hivyohivyo, lakini ulimi wangu wa Tanga umegoma. Nikiwa naye nakwepakwepa tu. Hapa nitamwita Bibi. Nampashia supu, nahakikisha vidonge vimemezwa na havijafichwa chini ya kisosi, nampaka mafuta miguuni. Yote hayo sharti yaishe kabla ya saa saba na nusu mchana. Saa hiyo anafungua Bunge la Wales kwenye tableti yake, anaiegemeza kwenye chupa ya maziwa, na kuanzia hapo mimi sipo. Anagombana na tableti.

Ni kipindi cha maswali kwa Waziri Kiongozi. (Cheo hicho sijakitunga, Zanzibar tulikuwa nacho mpaka 2010.) Wa kwao, yaani mkuu wa serikali ya Wales, mwaka 2025 alikuwa Eluned Morgan wa Labour. Kila kiongozi wa chama cha upinzani ana maswali matatu, na hana haja ya kuyapeleka mapema. Mwaka huo alikuwa anasimama Rhun ap Iorwerth wa Plaid Cymru, aliyekuwa mtangazaji kabla ya siasa, au Darren Millar wa Conservative, na Jumanne nyingi hawakwenda mbali na hospitali na shule.

Jumanne moja nilikuwa nakausha bakuli huku nimetega sikio. Swali likaulizwa, likajibiwa. Muulizaji akanyanyuka kwa swali la pili, nami nikajikuta nimesimama na kitambaa mkononi, nasubiri kitu. Nikajiuliza, nasubiri nini? Kumbe nasubiri "pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Waziri".

Haikuja. Alisema tu kwamba hajajibiwa, akauliza upya.

Mliokulia karibu na redio mnaijua sentensi ile kama mnavyoijua adhana. Mbunge kauliza habari za shule ya jimboni kwake, watoto mia sita, matundu ya vyoo manne. Naibu Waziri kajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa vyoo bora na itaendelea kujenga kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge ananyanyuka: "Mheshimiwa Spika, nakushukuru. Pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, ninayo maswali mawili madogo ya nyongeza." Majibu mazuri yapi, baba? Umeambiwa ukasubiri. Na hayo maswali yamekuwaje madogo, wakati watoto mia sita wanajibana mpaka kengele ya kwenda nyumbani?

Niliyaandika hayo kwenye kundi la ukoo usiku uleule. Mjomba wangu, diwani mstaafu, alijibu kabla sijaweka simu chini: "Wazungu hawana adabu, na wewe umeshaanza." Binamu naye akatia lake, kwamba ukishavaa koti la baridi miaka mitatu unaona kwenu kote matope.

Mjomba, shikamoo. Adabu ninayo, uliniwekea mwenyewe kwa fimbo ya mpera. Na sijasema Wales ni pepo. Nikianza kuwasimulia ya huku mtanichangia nauli ya kurudi. Mwaka jana jino liliniuma wiki sita. Nilipiga simu kliniki moja baada ya nyingine kutafuta daktari wa meno wa serikali anayepokea wagonjwa wapya, na kote niliambiwa hakuna nafasi, labda niandikishwe kwenye orodha. Nilikuja kuling'oa Tanga likizo ya Desemba, dakika ishirini, na daktari akanipigia soga za Coastal Union huku anavuta. Kwa hiyo anayenidhania nimelewa Ulaya, aje alitazame pengo.

Foleni zenyewe ndizo zinazoulizwa kila Jumanne. Mwisho wa 2024 orodha ya wanaosubiri matibabu ilipita 800,000, katika nchi ya watu milioni tatu na kidogo. Waziri akibanwa husema hizo ni rufaa, si vichwa; mtu mmoja anaweza kusubiri goti na jicho akahesabiwa mara mbili. Ni kweli, ila Bibi anasubiri goti na jicho vilevile, na kuhesabiwa mara moja hakujamfikisha popote. Wakichoka na hesabu, wanahamia kwenye bodi za afya, ambazo ziko saba, kwamba zimeshaelezwa Serikali inatarajia nini kwao. Nikisikia hapo nacheka peke yangu jikoni. Ni "mchakato uko mbioni" ileile, imevaa suti tu.

Sasa mtaniuliza, kama majibu ni yaleyale, tofauti iko wapi? Najua pia jibu mtakalojipa: huku vyama vinapokezana, ndiyo maana mdomo uko huru. Hapo ndipo mnapokosea. Bunge hili lilianza 1999, baada ya kura ya maoni ya 1997 iliyopita kwa kura 6,721 tu, na tangu siku ya kwanza mpaka huo mwaka 2025 chama kilichoongoza serikali kilikuwa kimoja, Labour. Katika uchaguzi wa bunge la London ndicho kimeshika nafasi ya kwanza hapa Wales kila mara tangu 1922. Mia moja na ushee! TANU ilikuwa haijaota. Mabonde haya ya makaa ya mawe yana watu ambao babu, baba na mjukuu wote wamepigia chama kimoja, kama wazee wetu wanaosema "mimi wa chama" hata kabla hujawauliza. Kwa hiyo msiniambie upinzani unanyamaza kwa sababu chama tawala ni cha milele. Huku nacho kilikaa, na bado kila Jumanne kiliulizwa bila kushukuriwa.

Chukueni shule. Desemba 2023 yalitoka matokeo ya PISA, ule mtihani wa kimataifa wa watoto wa miaka 15. Wales ilipata 466 kwenye hisabati, England 492, wastani wa OECD, umoja wa nchi nyingi zilizoendelea, 472. Kusoma nako kulishuka kutoka 483 hadi 466. Ya chini kabisa katika pande nne za Uingereza. Serikali ikataja korona, na upinzani ukakumbusha kwamba korona haikuipiga Wales peke yake. Tangu hapo tarakimu zile zinarudi mezani. Bibi, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, anazijua kwa moyo, na zikitajwa anapiga kiti kwa fimbo yake kana kwamba waliofeli ni watoto wake.

Msidhani nasimulia kitu ambacho sisi hatukuwahi kukiona. Mwanzoni mwa 2013 James Mbatia, mbunge wa chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, alisimama Dodoma na hoja juu ya udhaifu wa elimu yetu, akataka kuonyeshwa mitaala rasmi ambayo walimu wanafundishia. Iwekwe mezani, waione. Mnakumbuka vurugu zilizofuata, tulizitazama moja kwa moja pale kijiweni, kahawa ikapoa. Hoja ikazimwa. Februari hiyohiyo yakatoka matokeo ya kidato cha nne, zaidi ya asilimia 60 sifuri. Mdogo wangu alikuwemo. Mbatia hakusema "pamoja na majibu mazuri". Halafu ikafika Januari 2016, matangazo ya moja kwa moja yakakatwa, na yaliyofuata hayahitaji kalamu yangu. Kwa hiyo ninacholilia si cha Wazungu, Mjomba. Kilikuwa chetu, nimekiona kwa macho yangu kwenye televisheni ya kijiweni.

Na kuna tunachowazidi, tena mbali. Siku ap Iorwerth akianza kwa Kiwelisi, kamera ikigeuka unaona wajumbe wanavaa visikilizio wafasiriwe lugha ya nchi yao. Kwenye sensa ya 2021 wanaoijua walikuwa asilimia 17.8. Nilimwambia Bibi kwamba bunge letu linazungumza lugha ya nchi yetu, Kiswahili, mwanzo mwisho, na hakuna mbunge anayehitaji kifaa sikioni kumwelewa mwenzake kutoka Kigoma au Mtwara. Alizima sauti ya tableti. Hajawahi kuizima kwa ajili yangu. Akaniambia bibi yake mzaa mama alisimuliwa habari za kibao cha mti, kimeandikwa herufi mbili, W.N., yaani Welsh Not, Kiwelisi marufuku. Mtoto akinaswa anaongea Kiwelisi shuleni anavishwa shingoni. Akimnasa mwenzake, anamvisha yeye. Atakayekutwa nacho jioni anachapwa.

Nilikaa chini. Kwa sababu kibao hicho nimekivaa. Sekondari, kidato cha pili, kimefungwa kwa kamba ya katani, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba mimi ni mjinga. Kosa langu nilisema "nipe rula". Nilikimbia nacho mapumziko mazima nikimwinda mtu wa kumnasa, nikampata rafiki yangu mwenyewe akiomba maji. Kibao cha Bibi kiko makumbusho, na serikali yake inataka wasemaji milioni moja ifikapo 2050. Changu sijui kama kimeshashuka ukutani. Bunge letu lote Kiswahili, wabunge wanatoka kugonga meza, watoto wao na wetu wanafundishwa fizikia kwa lugha nyingine. Hapo nikakosa la kujivunia, nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Binamu ataandika: maswali hayajazi tumbo. Haya, hili limejaza. Plaid Cymru walikuwa wakidai chakula cha mchana bure kwa shule zote za msingi. Mwaka 2021 Labour hawakuwa na wingi wa kutosha bungeni, wakakaa nao mezani, chakula kikawemo kwenye makubaliano. Kilianza Septemba 2022, na kufikia Septemba 2024 kimeenea madarasa yote ya msingi. Binti yangu yuko darasa la pili. Anakula bure, na mtoto wa daktari pembeni yake anakula bure, hakuna wa kumwonea mwenzake huruma. Chakula chenyewe hakina chumvi, njegere zinateleza kama goroli, yeye anataka wali wa nazi. Lakini dada yangu kule Muheza Januari hii ameulizwa debe la mahindi, kuni na mchango wa mlinzi, kwenye elimu isiyo na malipo. Nikimtumia hela namwambia, uliza risiti. Ananijibu, nikiuliza mtoto atasemwa darasani.

Iliamuliwa kwamba kuanzia uchaguzi wa Mei 2026 wajumbe wa bunge hili waongezeke kutoka 60 hadi 96. Bibi alikasirika, akasema ni mishahara tu hiyo. Mimi nikamwambia asubiri. Akanitazama kama anavyotazama vidonge.

Nilipomaliza kuandika yote haya kundini, kimya kilipita kama saa nzima. Halafu ikaingia sauti ya Mjomba, sekunde kumi na moja, nasikia kuku nyuma yake.

"Mheshimiwa, nakushukuru. Pamoja na maelezo yako mazuri, ninayo maswali mawili madogo ya nyongeza. La kwanza, lini unarudi? La pili, zile hela za bati za nyumba ya bibi yako zimefikia wapi?"

Kundi zima lilicheka mpaka usiku wa manane. Nami nikamjibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa bati, na itatuma kadiri fedha zitakavyopatikana.