Limbiki ni pindo, si jiko la hisia

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza wa udaktari. Juzi nilimkuta sebuleni akikariri kwa sauti sehemu za ubongo zinazoitwa mfumo wa limbiki: hipokampasi, amigdala, singuleti. "Mjomba, haya majina yataniua." Nikaokota kanga ya mama yake kwenye kochi, nikamwonyesha pindo.

Neno limbiki linatokana na limbus, na kwa Kilatini ndiyo hilo: pindo, ukingo wa nguo. Daktari Mfaransa Paul Broca alipolitumia mwaka 1878 alikuwa anataja mahali tu, ule ukanda ulio upande wa ndani wa ubongo, pale nusu zake mbili zinapotazamana. Hipokampasi maana yake ni farasi wa baharini, na mkia wake umejikunja kweli. Amigdala ni lozi, imekaa mbele ya kichwa cha huyo farasi, moja kila upande. Binti akayashika kabla chai haijapoa.

Kinachonikera ni yaliyofuata. Mwaka 1937 Mmarekani James Papez, mtaalamu wa ubongo, alichora mzunguko: hipokampasi, forniksi (fungu la nyuzi za neva), talamasi (kituo cha kupitisha taarifa katikati ya ubongo), singuleti, kisha kurudi ulikoanzia. Akasema hapo ndipo hisia zinapopikwa. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoivamia hipokampasi na kumjaza mtu hofu na ghadhabu. Haikuwa hoja ya kipuuzi. Mwaka 1952 mtafiti wa ubongo Paul MacLean akaupa jina la mfumo wa limbiki, na leo kila mhamasishaji anakuuzia "ubongo wa hisia" kama kiungo kimoja chenye kazi moja.

Mwaka uliofuata tu, huko Marekani, mgonjwa mmoja, Henry Molaison, mwenye miaka 27, alikatwa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili ili kifafa kitulie. Kilichopotea ni uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Utani wake ulibaki. Watafiti walimpa kuchora nyota akitazama kwenye kioo. Siku hadi siku mkono ulizidi kuwa mwepesi, naye kila siku aliamini ndiyo mara yake ya kwanza. Lozi ina mengi ya kusema kuhusu hofu, sawa. Farasi, jirani yake wa pindo lile lile, ana shughuli nyingine kabisa.

"Sasa mtihani ukiuliza kazi ya mfumo wa limbiki?"

Nikamwambia aandike alivyofundishwa, achukue alama zake. Mama yake alikuwa ameshaanza kuulizia kanga.