Balbu Moja, Sahihi Saba

Katika kampuni ninayoiendeshea lori hapa Dar es Salaam, balbu ya taa ya breki ni jambo zito linalohitaji watu wazima saba kulitafakari. Maduka ya vipuri yapo Gerezani, si mbali na ghala letu la Barabara ya Nyerere, na bei ya balbu haifiki shilingi 5,000. Hata hivyo, dereva atakayeinunua kwa fedha yake na kuomba arudishiwe ataambiwa kuwa amekiuka utaratibu, kisha atapewa kalamu ili aeleze kwa maandishi ni nani aliyemruhusu kuwa na haraka.

Utaratibu wenyewe huanzia kwenye fomu ya mahitaji, yenye nakala nyeupe, ya waridi na ya njano, ambayo karatasi yake ya kaboni imetumika mpaka ikang'aa, hivyo nakala ya njano hutunzwa kwenye faili ikiwa haina neno hata moja. Dereva akishajaza, Kiongozi wa Zamu anathibitisha, Msimamizi wa Magari anahakiki, Meneja Msaidizi wa Usafirishaji anapendekeza, Meneja wa Usafirishaji anaridhia, Meneja wa Manunuzi anadai profoma tatu kutoka maduka matatu tofauti, Mhasibu Mkuu anauliza kwa nini lile duka la bei nafuu halitoi risiti ya EFD, na Mkurugenzi wa Uendeshaji, ambaye jina la gari lenyewe halijui, anaamua. Kati ya hao saba, aliyewahi kuiona taa hiyo kwa macho ni Kiongozi wa Zamu peke yake, naye aliiona kwa mbali huku akinywa chai.

Ningevumilia sahihi saba kama wenye sahihi wangekuwa wanapatikana ofisini. Meneja Msaidizi akisafiri kwenda Dodoma, anaachwa kaimu. Na kaimu wa kwetu hasaini chochote chenye gharama, kwa hoja kwamba yeye ameshikilia nafasi tu na hataki mwenyewe akirudi akute mambo yamebadilika. Kwa hiyo nafasi hukaa imeshikiliwa vizuri, posho ya kukaimu hulipwa, na fomu hubaki kwenye trei chini ya kikombe. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Chombo chetu hakijawahi kwenda mrama, kwa sababu hakijang'oa nanga.

Haikuwa hivi zamani. Mzee mwenye kampuni alipokuwa na malori machache, alikaa chini ya mwarobaini na kaunta buku lake, ukamwambia, "Shikamoo Mzee, taa imekufa," naye akaitikia marahaba, akatoa noti kwenye mfuko wa shati na kukutaka urudi na chenji. Malori yalipoongezeka aliajiri meneja, jambo ambalo hakuna mwenye akili atalipinga, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kukumbuka kila tairi. Tatizo ni kwamba meneja naye alielemewa, na badala ya kuongeza fundi aliongeza msaidizi, kisha msaidizi akahitaji mtu wa kumpa taarifa, na huyo wa taarifa akahitaji mtu wa kutoa taarifa juu yake. Mafundi wa gereji wamebaki walewale, na spana zao ni zilezile.

Kwa kuwa kusubiri sahihi kumenipa nafasi ya kusoma sana kwenye simu, nimegundua kuwa ugonjwa huu hatukuuanzisha sisi. Mwingereza aitwaye C. Northcote Parkinson alionyesha mwaka 1955 kwamba jeshi la wanamaji la nchi yake lilikuwa na manowari kubwa 62 mwaka 1914 na likabakiwa na 20 mwaka 1928, ilhali katika muda huohuo maofisa wa makao makuu yake waliongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Nilipofika kwenye hesabu hiyo nilitazama uani kwetu, penye malori mawili yaliyopandishwa juu ya matofali, nikatazama na ofisi mpya inayopakwa rangi kwa ajili ya Meneja wa Ubora, nikafunga simu.

Nilisoma pia kuhusu Daniel McCallum, aliyesimamia reli ya New York and Erie huko Marekani, ambaye mwaka 1855 alitoa mchoro wa muundo wa kampuni yake unaofanana na mti, ambamo bodi na rais wa kampuni wamewekwa chini kabisa, mizizini, na wafanyakazi wa njiani wametandazwa juu matawini. Maamuzi ya kila siku aliwaachia wasimamizi wa vipande vya reli, kwa kuwa ndio waliojua treni iko wapi. Sisi mchoro wetu umetundikwa mapokezi katika fremu ya dhahabu, mkurugenzi akiwa juu karibu na feni, na mistari ikiteremka kwa wingi hadi chini, ambako neno "Madereva" limezibwa na mtungi wa maji ya kunywa. Nimewahi kuomba mtungi usogezwe. Nimeambiwa nijaze fomu.

Balbu hatimaye ilifika, ikiwa ndani ya bahasha yenye mhuri. Lori letu hutumia umeme wa volti 24, nami niliandika hivyo kwa herufi kubwa, lakini mahali fulani kati ya kupendekeza na kuridhia tarakimu zilibadilika, na watu saba wakasaini balbu ya volti 12, ambayo niliambiwa niifunge kwa kuwa imeshaingizwa kwenye vitabu. Niliifunga. Iliwaka kwa nguvu ya kupendeza, mara moja, ikaungua. Kurudisha kifaa kilichokwisha kutumika kuna fomu yake, na hiyo inahitaji sahihi zilezile pamoja na ya mkaguzi wa ndani.

Kesho yake trafiki alinisimamisha pale TAZARA na kuniandikia faini ya shilingi 30,000, ambayo kampuni husema ni ya dereva. Alikuwa mtu mstaarabu. Nilipomweleza habari hii yote alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akafungua daftari lake na kusema anataka kumpigia mhusika amuulize yeye mwenyewe.

"Bosi wako anaitwa nani?" akaniuliza.

"Afande," nikamjibu, "una karatasi nyingine ya ziada?"