Jina fupi limeshapatikana: je, litafutiwe refu la kwenye cheti?

Wazazi wengi huanza na jina refu. Wanachagua Elizabeth au Abdulrahman, mtoto anazaliwa, na baada ya miezi michache nyumba nzima inasema Eliza au Abdu. Jina fupi limekuja lenyewe. Lakini wapo wanaoanzia upande wa pili. Wamelipenda Max, au Lena, au Leo, wameshazoea kumwita hivyo mtoto aliye bado tumboni, na sasa wanaulizana: kwenye cheti cha kuzaliwa tuandike Max hilohilo, au tulitafutie jina refu kama Maximilian au Maxwell, na Max libaki la nyumbani?

Swali hili linastahili uzito wake. Cheti huandikwa mara moja, na kila karatasi itakayomfuata mtu huyo, kuanzia rejista ya shule hadi hati ya ndoa, itanakili kilichoandikwa pale.

Hoja inayotajwa kwanza na wanaotaka jina refu ni heshima. Wanasema jina kama Jimmy linampendeza mtoto wa miaka 6 lakini halimkai jaji, daktari bingwa au mkuu wa nchi. Kwangu hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na mfano wa kuipinga ni Jimmy mwenyewe. James Earl Carter alikula kiapo cha urais wa Marekani Januari 1977 kwa jina la Jimmy Carter. Jina refu alikuwa nalo, na katika siku yenye itifaki kuliko zote akaliweka kando. Harry Truman, rais mwingine wa Marekani, aliyezaliwa 1884, hakuwa hata na la kuweka kando. Alipewa jina la Harry, hakuwa Henry wala Harrison, ingawa mjomba aliyerithiwa jina hilo aliitwa Harrison.

Tena dhana kwamba jina fupi halijatimia inatokana na mazoea ya watu, jina lenyewe halina kosa. Ali ni herufi 3 tu, na hakuna anayemuuliza Ali jina lake kamili ni lipi. Vivyo hivyo Musa, Isa, Eva. Leo, ambalo wengine huliona kama kipande cha Leonard au Leopold, limebebwa na mapapa 14, wa kwanza katika karne ya 5 na wa karibuni akichaguliwa Mei 2025. Kweli, zipo nchi ambako hata dola ililiona jina la mkato kuwa pungufu. Sheria ya Uhispania ilizuia kusajili majina ya aina ya Pepe na Paco, yanayotokana na José na Francisco, hadi kizuizi hicho kilipoondolewa 2007. Kwamba kiliondolewa kunaonyesha mawazo ya watu yanaelekea wapi.

Hoja ya pili ya jina refu ni nzito zaidi, nayo ni ya hiari ya mtoto. Aliyeandikwa Elizabeth anaweza kuwa Eliza, Liza, Beth au Betty. Anaweza kuwa Liza kwa mama yake, Elizabeth kazini, na akifika miaka 30 akaamua kuacha vifupisho vyote. Aliyeandikwa Liza ana Liza. Kulikata jina refu hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kulirefusha lililo fupi kunahitaji utaratibu wa kisheria, ada, na kazi ya kubadilisha kila hati iliyokwisha kutolewa. Pande hizi mbili hazilingani, na mzazi anayesema “akitaka atabadilisha mwenyewe” anampa mtoto wake kibarua ambacho angeweza kumwepushia kwa kuongeza silabi 2 tu siku ya usajili.

Ila hiari hiyo si ya mtoto peke yake. Jina refu huwapa nafasi ya kulikata watu wote watakaokutana naye. Umeandika Maximilian kwa ajili ya Max, kisha darasa zima likaamua kumwita Milian. Umeandika Magdalena ili upate Lena, na bibi yake akashikilia Magda mpaka mwisho. Mzazi aliyelipenda jina fupi moja tu, lile na si jingine, ajue kwamba njia salama zaidi ya kulilinda ni kuliandika lilivyo. Max halina pa kukatwa.

Kuna pia suala la kurithisha majina. Wakati mwingine jina refu linaiwezesha familia kumkumbuka babu Alexander huku wazazi wakibaki na Alex wao. Hii naiona sababu njema, na mara nyingi ndiyo inayomaliza ubishi kati ya kizazi na kizazi. Hata hivyo heshima ya ukoo inaweza kupita kwenye jina fupi pia. Prince Harry, ambaye jina lake rasmi ni Henry, alipopata binti mwaka 2021 alimwita Lilibet, jina ambalo Malkia Elizabeth II aliitwa na watu wa nyumbani tangu utotoni. Halikuandikwa Elizabeth ili Lilibet liwe la pembeni. Na kaka yake binti huyo, aliyezaliwa 2019, ni Archie, si Archibald.

Gharama ya kuwa na majina mawili ni ya kila siku, na wanaoshauri jina refu huipita haraka mno. Mwalimu anaita Maximilian siku ya kwanza ya shule na mtoto haitiki, kwa sababu hajawahi kuitwa hivyo. Rafiki anatuma pesa kwa Max, akaunti inasoma Maximilian, anasita. Tiketi ya ndege inakatwa kwa jina la nyumbani na pasipoti inasema lingine, na ni wajibu wa msafiri kuhakikisha yanafanana kabla hajafika kaunta. Hakuna hata moja kati ya haya lililo janga. Lakini mtu huyaeleza maisha yake yote, “naitwa hivi ila kwenye karatasi ni vile,” na wapo wanaochoka.

Pasipoti yenyewe ina mipaka yake. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, mstari wa juu katika sehemu ya pasipoti inayosomwa na mashine una nafasi 44. Tano za mwanzo ni za aina ya hati na nchi iliyoitoa, kwa hiyo majina yote ya mtu, pamoja na alama za kuyatenganisha, yanagawana 39. Kwa familia inayoandika majina 3 au 4, jina la kwanza lenye herufi 11 kama Abdulrahman linaweza kuwa sababu ya la mwisho kukatwa katikati.

Hata hivyo urefu usilaumiwe kwa kila kitu. Simon Laham, Peter Koval na Adam Alter walichapisha mwaka 2012 utafiti ulioonyesha kwamba watu huwapendelea wenye majina mepesi kutamka, na wakaona wepesi huo haukuwa suala la urefu wa jina. Elizabeth lina silabi 4 na halimsumbui mtu. Kuna majina ya silabi moja yanayomtoa msomaji jasho. Kwa hiyo anayetafuta jina refu asihesabu herufi tu, alisome kwa sauti pamoja na jina la ukoo, na awape wengine walisome bila kuwasaidia.

Je, lazima jina refu liwe na lile fupi ndani yake? Hapana, na historia ya majina ina mifano mingi. Bill ni William, Peggy ni Margaret, Sasha ni Aleksandr au Aleksandra. Sasha Obama jina lake rasmi ni Natasha, na Natasha nalo kwa Warusi ni ufupisho wa Natalia. Uhusiano wa majina hushikiliwa na mazoea ya watu. Penye mazoea hayo, hakuna atakayeuliza. Pasipo nayo, ukiandika Margaret na kumwita Peggy, utaeleza kila mara. Kwa majina yanayoanza na Abd kuna jambo zito zaidi. Abdulrahman ni mja wa Rahmani, na akiitwa Rahman peke yake, waumini wengi wanaona amepewa sifa ya Mungu. Mzazi aliyelipenda Rahman kwa sauti yake tu, kisha akaona Abdulrahman litamsitiri kwenye karatasi, bado hajalitatua tatizo, maana jina litakalotumika kutwa ni lile lililokatwa.

Mizani yangu ni hii. Jifanye jina fupi halipo kabisa duniani. Je, ungemwita mwanao Maximilian, ukamwita hivyo mbele ya wageni, ukiwa umenyoosha kichwa? Kama jibu ni ndiyo, andika Maximilian, kwa sababu ya ile hoja ya hiari: utakuwa umempa mtoto jina moja unalolipenda na njia ya kufikia lingine. Kama unaona haya kulitamka, au limekuja tu baada ya kupekua orodha ya yote yanayoanza na Max, basi usimwandikie mtoto jina ambalo wewe mwenyewe hutalitumia hata siku moja. Atalikuta kwenye kila fomu na hatakuwa na hadithi ya kueleza limetoka wapi, zaidi ya kwamba wazazi wake waliogopa jina fupi lisingetosha.

Wengine hukimbilia njia ya katikati: Max liwe la kwanza, na refu liwe la pili. Inafaa pale jina refu ni la kumkumbuka mtu. Haifai sana kama kinga ya heshima, kwa sababu sehemu nyingi huita watu kwa jina la kwanza tu, na la pili hubaki herufi moja yenye nukta.

Na wazazi wakifika siku ya usajili bado mmoja anataka Maximilian na mwenzake anataka Maxwell, ningewashauri waandike Max. Ndilo pekee ambalo wote wawili wamelipenda.