Gari ikigonga: Bongo tunasubiri kelele, huku Uingereza unapewa karatasi

Nipo Leicester mwaka wa saba sasa na kitu ambacho sikutegemea kabisa kujifunzia huku ni kufungua miguu ya gari. Bongo nilikuwa na Vitz na sikuwahi kushika spana hata siku moja, na ya nini uishike wakati gari ikianza kugonga unampigia fundi anakuja mpaka nyumbani na begi lake, anakaa pembeni yako mnazunguka mtaa mara moja kwenye vumbi la Goba, halafu anakwambia "bosi hii sio shokapu, ni linki ya kushoto", mkifungua kweli ni linki ya kushoto, kile kichuma kinachosaidia gari isilale kwenye kona. Lile sikio sijalipata kwa mtu yeyote huku, nasema ukweli.

Huku naendesha Yaris, ambayo ni Vitz ileile jina tu tofauti. Gari ikishatimiza miaka mitatu lazima kila mwaka ipite MOT, huo ni ukaguzi wa kisheria, bei yake haitakiwi kuzidi pauni 54.85, wanaipandisha juu wanatikisa viungo vyote halafu unapewa karatasi. Mwaka jana yangu ilipita ila wameandika linki za stebilaiza zina mchezo, yaani zimelegea, na bushi, zile raba za mikono ya mbele inayoshika magurudumu, zimeanza kuchanika. Huo ni ushauri, hujafeli, unaondoka na gari lako. Sasa hapo ndo kichwa kinauma, unabadilisha leo au unasubiri, na unampa gereji au unaingia mwenyewe, maana linki zote mbili nimeagiza kwa pauni 30 kesho yake zipo mlangoni, lakini gereji ya hapa jirani wanataka pauni 90 kwa saa moja ya kazi.

Mimi siku hizi najiuliza swali moja tu: hiki kitu kikikatika nikiwa spidi, gurudumu litabaki mahali pake? Linki ikikatika gari italala kwenye kona na itapiga kelele, ila gurudumu lipo. Hiyo nasubiri mpaka mwisho wa mwezi na nafanya mwenyewe. Boljointi, kile kiungo kinachounga gurudumu na mkono wake, ikichomoka gurudumu linalala chini na hapo huna usukani tena, kwa hiyo ikiwa na mchezo sisubiri hata wiki. Shokapu ipo katikati, ikivuja tairi linadunda badala ya kushika lami, breki zinachelewa, tairi linalika kwa mabonde mabonde, na unabadilisha mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Springi za mbele sizigusi kabisa. Huku zinakatika sana kwa sababu ya ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi, na springi iliyobanwa ikifyatuka inaua mtu, hiyo pesa nalipa gereji kwa roho safi.

Zile linki nilizifanya Jumamosi moja nje ya nyumba. Nati namba 17, katikati unashikilia na alenki (ile spana ya pembe sita inayoingia ndani ya tundu) namba 6 ili isizunguke yote, na kutu ilikuwa imejaa kwenye tundu la alenki mpaka haiingii, nikachokonoa na msumari, nikapulizia mafuta ya kutu, nikasubiri, nikapulizia tena. Ya kwanza ilinila masaa mawili na nusu mazima. Ya pili dakika 20 tu.

Alafu bushi, na hapa naomba watu wa nyumbani mnisikilize vizuri. Bolti za bushi za mpira zinakazwa mwisho gari ikiwa imesimama chini na uzito wake wote. Mafundi niliokuwa nawaona Bongo wanakaza gari ikiwa juu ya jeki mguu unaning'inia, sasa ikishuka ule mpira unakuwa umesokotwa muda wote, miezi michache umechanika na wewe unasema spea za Kariakoo feki. Inawezekana spea ilikuwa nzima kabisa.

Sisemi kila mtu Bongo aanze kujifungulia gari, fundi yupo na bei yake inabebeka, mwache afanye kazi yake. Ninachokataa ni kumwachia na uamuzi wa lini. Sisi tunasubiri kelele, na boljointi inaweza kuwa imeisha haijagonga chochote cha kukushtua. Ile karatasi ya huku inakuja kabla ya kelele, ndo kitu pekee kwenye mambo ya magari ninachotamani kingekuwepo nyumbani kwa gari la kila mtu.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuwa anajiandaa kwenda Moshi na familia kwenye IST yake. Nikamwambia kabla ya safari ipige jeki, iweke stendi, mtu mmoja ashike tairi juu na chini atikise, mwingine amulike tochi kwenye kiungo chenyewe. Akanitumia video, boljointi ya kulia inacheza unaiona kwa macho, na gari haikuwa na mlio wowote. Wakaenda Gerezani kwenye maduka ya spea na fundi wake wakachukua mikono yote miwili mizima. Nikamwambia kwenye simu ya video, mwambie fundi zile bolti za bushi akaze mwisho gari ikiwa chini. Akasema "kaka, amekuangalia kwenye simu kwanza," kisha nikamwona fundi anashusha jeki, analala kifudifudi na spana yake, anakaza.